Feni Isiwekwe Dairekti

Ka umewahi kuendesha ndai ya zamani Jogoo Road saa kumi na mbili jioni, unajua macho inafanyanga nini. Haikai barabarani. Kila saa inashuka kwa dashibodi kucheki ule mshale wa joto, inarudi mbele, inashuka tena. Nganya inakuchomekea kushoto, boda anakwaruza kioo, na wewe akili yote iko kwa mshale. Ukianza kupanda unafungua madirisha na kuwasha hita ya ndani, hata ka ni Januari na jua ni kali, ju hita nayo ni rejeta ndogo na kila digrii inasaidia. Wasee wa DX wananipata. Hii stori ni yao, na ni ya kila mtu ako na chuma ilitoka kiwandani kabla yeye azaliwe.

Wacha tubonge na DX ndio tusiruke ruke. DX ni Corolla KE70, ilianza kutoka 1979, na ndio sedan ya mwisho kwa ukoo wa Corolla kusukumwa na magurudumu ya nyuma. Ndio maana mbogi ya otokrosi bado inaitafuta mpaka ocha, kwa maboma yenye imefunikwa na turubai. Ndani unapata injini ya 4K, sisi 1,290, kabureta moja, choki ya kuvuta na mkono. Ukifungua boneti unaona chini mpaka lami. Hakuna kompyuta, hakuna plastiki ya kukuficha kitu. Mimi hiyo nafasi naipenda ile mbaya. Ni ndai yenye kijana anaweza kuijua yote, nati kwa nati, bila kuomba mtu ruhusa.

Shida yake kwa jam ni hesabu tu. Feni ya kiwanda imefungwa mbele ya pampu ya maji na inazungushwa na mkanda wa injini. Injini ikikimbia, feni inakimbia. Injini ikilala, nayo inalala. Sasa waza: uko Southern Bypass, kilomita 90 kwa saa, upepo unajiingilia kwa grili, feni haina kazi, na hapo ndio inazunguka mbio na kukula nguvu. Na inakula kweli, ju feni yoyote ukiiongeza spidi mara mbili, nguvu yenye inataka inapanda mara nane. Alafu unafika jam. Gari imesimama, injini iko mizunguko 800 hivi kwa dakika, hakuna upepo wa bure, joto la lami linapanda, na feni inapepea kivivu. Saa unaihitaji ndio haiko. Feni ya stima inageuza hiyo hesabu. Ikiambiwa iwake inawaka na spidi yake yote hata injini ikiwa chini kabisa, na ukiwa haraka inapumzika.

Wala huu si ujanja wa jana. Peugeot 404, ile ilishinda Safari Rally 1963, alafu 1966, 1967 na 1968 mfululizo, ilikuwa na feni ya mkanda yenye klachi ya sumaku. Maji ikipoa, sumaku inaachilia na feni inaacha kufuata injini. Maji ikipata moto, inashika tena. Bert Shankland na Chris Rothwell walitoka Tanzania na hiyo gari wakabeba Safari mara mbili, 1966 na 1967. Guka zetu walipanda hizo 404 zikiwa matatu za kwenda ocha, magunia juu, watu wamekaliana ndani. Kwa hivyo msee akikushow ati feni inafaa kuzunguka saa zote ndio gari ikuwe salama, mkumbushe injinia wa Ufaransa alishakataa hiyo maneno kitambo.

Lakini kabla utoe ganji ununue feni, nisikize hapa, ju hapa ndio doo za vijana mob zinapotelea. Feni inavuta hewa tu. Haizibui rejeta.

Kuna mzee wa rejeta pale Kariobangi Light Industries, mtu wa mikono, habongi sana. Unampelekea rejeta ya shaba, anailaza kwa meza ya chuma, anapitisha mwali wa gesi kwa ukingo wa tanki la juu mpaka ile risasi ya kulehemu inaanza kung'aa na kutiririka. Anagonga kidogo na mpini wa bisibisi, tanki linatoka zima. Hapo ndio unaona ukweli wa gari yako. Matundu ya tyubu yenye yanafaa kuwa wazi yamejaa matope ya kahawia: kutu, chumvi, miaka ya maji ya mfereji. Anachukua bati refu, jembamba, bapa, analisukuma ndani ya tyubu moja moja, na kila likitokea upande wa pili linatoka na uchafu.

"Kijana, hiyo feni unataka kununua, ingepoza nini?" akaniuliza bila kuinua kichwa.

"Si rejeta, mzee wangu."

"Rejeta gani? Nusu ya hizi tyubu ni ukuta."

Nilikaa hapo mpaka akamaliza, akarudisha tanki, akaliziba upya, akazamisha rejeta yote kwa beseni la maji na kupuliza hewa ndani akitafuta povu. Hakuna povu lilitoka. Hiyo kazi ni bei ndogo kuliko feni, na kwa ndai nyingi ndio ilikuwa dawa nusu. Kumbuka tu ni rejeta za shaba ndio zinafunguliwa hivo. Hizi za matanki ya plastiki, zikiziba unanunua ingine.

Ukishatoka kwa mzee, weka kulanti, si maji ya bomba. Alafu cheki themostati. Mtaa umejaa mafundi wenye dawa yao ya kwanza ni kuitoa na kuitupa. Usikubali. Ile ya digrii 82 inafaa kukaa kwa injini yake, ju bila hiyo injini inazunguka baridi asubuhi yote, choki inakaa imevutwa, mafuta inaenda na oili inachafuka. Pia swichi ya feni yenye utaweka baadaye itakosa maana, ju joto la maji halitakuwa na mpangilio.

Na kuna kitu kidogo cha bei ya chips kuku chenye watu wanadharau: kifuniko cha rejeta. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Huku maji ikiwa wazi inachemka kwa digrii 94 hivi, si 100, ndio maana githeri ya mathe huku inakaa jikoni kuliko Mombasa. Kinachookoa injini ni presha. Kifuniko chenye kimeandikwa 0.9 kinashikilia baa 0.9, na hiyo presha inapandisha mchemko mpaka 115 hivi Nairobi, na karibu 119 kule Pwani. Injini yenyewe ikiwa sawa inatembea kati ya 85 na 95. Sasa mpira wa kifuniko ukikauka ukapasuka, presha inatoka, umerudi kwa 94. Umeona? Injini haijaharibika, feni haijaharibika, na bado maji inachemka. Ukiwa unapanda Mai Mahiu nyuma ya lori la simiti, gia ya kwanza, ya pili, ya kwanza, hizo digrii 20 ndio tofauti ya kufika Limuru na kulala kando ya barabara.

Sasa feni yenyewe. Shuka Grogan, Kirinyaga Road, lakini uende na vipimo. Pima rejeta upana na urefu, pima pia nafasi kutoka rejeta mpaka uso wa pampu ya maji, na feni ya zamani ukiwa umeshaitoa kwa hesabu. Ukiniuliza, chukua feni ya ex-Japan iliyotolewa kwa gari ndogo, Vitz ama Starlet ama chochote chenye kinakaribia rejeta yako, na uitake na kava yake. Hiyo kava ya plastiki ya kuzunguka feni ndio watu huacha Grogan wakidhani ni urembo. Feni bila kava inavuta hewa kwa ule mduara wake tu na kona za rejeta zinabaki bila kazi. Ikiwa na kava, hewa inalazimika kupita kwa rejeta yote. Feni ndogo yenye imefunikwa poa inashinda feni kubwa yenye iko wazi, mara nyingi.

Muuzaji aiwashe na betri hapo hapo kwa kaunta. Sikiza. Ikilia kwa beringi, ama ukishika mapanga yake ukitikisa inacheza, sare, kuna duka ingine hatua kumi mbele. Kwa kibandiko cha mota soma wati zake ka bado zinasomeka. Wati 120 kwa volti 12 ni ampea 10. Hiyo namba utaihitaji saa ya waya.

Iweke nyuma ya rejeta, upande wa injini, ivute hewa. Mbele inakaa pia, ikisukuma, na kuna ndai zenye hakuna namna ingine ju nafasi ni ndogo, lakini ikiwa mbele inazuia upepo wa barabarani. Ukitoa feni ya mkanda, chunga: kwa injini nyingi za aina hii, nati nne zenye zinashika feni ndio hizo hizo zinashika puli ya pampu. Toa feni, rudisha nati, kaza vizuri, na ucheki bolti sio ndefu mpaka zigonge kitu. Mkanda unabaki. Bado unazungusha pampu ya maji na olteneta, hata ka feni imehama.

Usifunge feni kwa kupitisha vile vikamba vya plastiki katikati ya rejeta. Najua zinauzwa hivo, na kwa picha inakaa safi. Barabara zetu ni mashimo na matuta. Feni ina uzito, inatikisika, kile kikamba kinasugua vibati na baadaye tyubu yenyewe, na siku moja unaona tone la kijani chini ya gari. Kata flati baa mbili za alumini, moja juu, moja chini, zishike kwa fremu ya rejeta na bolti zake za kiwanda, na katikati uweke vipande vya mpira wa tyubu ya boda. Ni kazi ya asubuhi moja na msumeno wa mkono. Ikiisha, shika feni utikise: gari yote inafaa kutikisika nayo.

Washa feni na uweke karatasi ya risiti mbele ya grili. Inafaa kuvutwa na kubaki imelala kwa rejeta. Ikipeperushwa kwako, waya ziko kinyume, zibadilishe. Usiruke hii hatua hata ka una haraka, ju feni inayopuliza kwenda mbele inapigana na upepo wa barabarani, na ndai itapata moto ukiwa spidi na kupoa ukisimama. Utaumiza kichwa wiki nzima ukitafuta ugonjwa wenye hauko.

Tufike kwa stima, penye wasee huogopa bure. Olteneta za miaka ile zilikuwa ndogo, nyingi kati ya ampea 30 na 50, na hiyo ni injini ikizunguka mbio. Injini ikiwa chini zinatoa kidogo hata kuliko hapo. Taa mbili kubwa zinakula karibu ampea 10. Waipa, igniseni, redio yako yenye umeongezea spika. Ongeza feni ya 10 ama 12, na fikiria jioni ya mvua ya Aprili, jam, kila kitu kimewaka. Chukua multimita, weka kwa betri, washa taa, washa feni, injini ikiwa chini. Ukisoma juu ya volti 13 uko fiti. Ikishuka chini ya 12.6, betri ndio inabeba mzigo, na siku si nyingi utasukumwa asubuhi. Hapo tafuta olteneta kubwa kwanza, feni ingoje.

Waya ya feni itoke kwa betri yenyewe, nene, milimita 4 za mraba, na fyuzi ikae karibu na betri iwezekanavyo. Fyuzi inalinda waya, kwa hivyo ikiwa mbali, kipande chote cha katikati hakina mlinzi, na hapo ndio ndai huchomeka. Kwa feni ya ampea 10 ama 12, fyuzi ya 20 inatosha, ju ikianza kuzunguka inavuta zaidi kwa muda mfupi. Alafu rilei. Zile namba nne chini yake usiziogope: 30 inapokea moto kutoka fyuzi, 87 inaenda feni, 86 inapata moto wa swichi ya funguo, na 85 inaenda athi kupitia swichi ya joto. Swichi ya joto ikifunga, rilei inagonga, feni inawaka. Mzigo wote mkubwa unapita kwa rilei, na ile swichi ndogo inabeba kitu kidogo sana, haiungui. Mimi huongeza swichi ya mkono ndani ya gari, ikiwa sambamba na ile ya joto, na kataa kadogo ka kijani kenye kanawaka feni ikifanya kazi. Hako kataa kashikilie, nitarudi kwake.

Swichi ya joto ndio watu hukosea sana kuchagua. Ikae kwa tanki la rejeta ama kwa paipu ya maji kupitia kiungo cha chuma chenye kina athi yake. Zile za kuchoma kijiti katikati ya vibati vya rejeta zinateleza na kudanganya. Kwa themostati ya 82, tafuta swichi inawasha 92 hivi na kuzima 87 ka utaiweka upande wa maji moto. Na usiiamini mpaka uitesti: sufuria ya maji, jiko, kipimajoto, multimita kwa waya zake mbili, ungoje mlio. Lakini hapa Nairobi kuna kitu inafaa kukuchanua. Ka swichi imeandikwa 95, kwa sufuria wazi haitawahi kulia, ju maji yetu inaishia 94. Itachemka mpaka ikauke na utaitupa swichi nzima ukidhani imekufa. Hiyo ya 95 itesti na mafuta ya kupikia, moto wa chini, pole pole, na watoto wakae mbali.

Sasa ile kitu iliniletea moto wa kuandika. Ukipeleka ndai kwa fundi wa mtaa na feni yako na rilei yako na swichi yako, kuna nafasi kubwa atakushow: "Boss, hizi ni nyingi, wacha nikuwekee dairekti." Yaani feni ishikwe kwa moto wa funguo, gari ikiwaka inazunguka, gari ikizimwa inazima. Kazi ya nusu saa. Gari itapoa kweli, utamlipa, utaenda. Na Nairobi imejaa ndai za hivo, mpaka mpya zenye zilitoka Japani na mpangilio safi zikakatwa waya hapa.

Mimi nasema hapana, na si kwa sababu ya mota pekee, ingawa brashi zake zitaisha mapema. Si kwa sababu ya baridi ya Julai pekee, ingawa injini itachukua safari nzima kupata moto. Ni ju feni yenye inazunguka saa zote haikuambii kitu. Rejeta inaweza kuziba tyubu moja kila mwezi, themostati inaweza kukwama, gasketi ya hedi inaweza kuanza kuvuja pole pole, na feni itakuwa inafunika yote kimya kimya. Siku brashi zinaisha ukiwa katikati ya mlima, magonjwa yote yanakuja pamoja, na hedi inajipinda. Huyo fundi hatakuwa hapo.

Feni yenye inawaka na kuzima inabonga na wewe. Ndio hako kataa ka kijani. Ukishafunga kila kitu na ukatoa hewa kwa maji, simamisha ndai kwa kivuli, injini ikizunguka chini, uketi nayo. Mshale unapanda, themostati inafunguka, paipu ya chini inaanza kupata joto, alafu unasikia rilei, tak, na kataa kanawaka. Feni inavuta kiasi, tak, inazima. Jua huo mpigo wa gari yako ikiwa na afya: inawaka muda gani, inalala muda gani. Andika kwa simu ka una haraka ya kusahau.

Baada ya hapo kila mabadiliko ni habari. Kwa jam ilikuwa inalala kuliko inavyowaka, sasa inawaka bila kulala: rejeta inaanza kuziba ama maji imepungua. Kataa kakiwaka uko Thika Road kilomita 80 na barabara iko wazi, hapo upepo peke yake ulifaa kutosha, kwa hivyo shuku maji haizunguki poa: pampu, themostati, mkanda unateleza. Feni haiwaki kabisa na mshale umepita pale imezoea, gonga swichi ya mkono. Ikiwaka, swichi ya joto imekufa ama waya yake imekatika, endesha ukiwa umeiwasha na mkono mpaka ufike keja. Isipowaka, anza na fyuzi, alafu athi ya feni, alafu rilei, badilisha na ile ya honi ka zinafanana. Na ikianza kuwaka asubuhi baridi kabla hata utoke geti, zima injini, ingoje ipoe kabisa ndio ufungue kifuniko, ucheki maji kabla ya kitu kingine chochote.